Mukubwa, Mudogo na Msumari wa Mama Masika

Mwezi uliopita niliacha kazi, na nyinyi mliobaki nyuma ya kaunta mkaniomba niandike jinsi mambo yalivyokuwa. Mmoja wenu akaongeza kwamba nisisahau kutaja mshahara. Mshahara nitauruka, si kwa sababu ni siri, ila kwa sababu hauna hadithi. Nitawaandikia habari ya filtre ya mafuta, lile kopo la chuma linalosafisha mafuta ya injini, ambalo wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanaliita filta. Nimeuza taa, mikanda, breki na vioo vya pembeni, lakini hakuna kilichonifundisha watu kama filtre. Mtu akinunua taa anaona kama inawaka. Akinunua filtre haoni chochote mpaka injini ife, na siku hiyo anakuwa fundi kuliko wewe.

Duka lilikuwa Murara, mtaa wa Goma, na mwenyewe alikuwa Muzee Kambale, mtu wa Butembo aliyeshuka Goma na biashara ya maharagwe akaishia kwenye vipuri, kwa kuwa, alivyosema, vipuri haviliwi na panya. Siku yangu ya kwanza alinipa katoni akaniambia nihesabu filtre zilizomo. Nikahesabu, nikamtajia. Akaniambia nihesabu tena. Nikapata namba ileile, nikajivuna kidogo. Akaniambia nihesabu tena, na safari hii moja ilikuwa imepungua. Nilitafuta chini ya meza, nikatafuta ndani ya maboksi matupu, nikaanza kutoka jasho. Alikuwa ameishika yeye mgongoni.

"Ulikuwa unaangalia filtre," akaniambia. "Angalia batu."

Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza nikitazama vitu, mara ya pili nikimtazama aliye karibu. Mke wangu hapendi, hasa siku za ugeni.

Kwa kila gari, mtaniruhusu niwakumbushe, kulikuwa na filtre za aina tatu. Ya kwanza ni orijinali, ile ya kiwanda cha gari lenyewe, yenye boksi linalong'aa na kipande cha karatasi cha rangi rangi kinachothibitisha kwamba ni yenyewe. Dukani tuliiita Mukubwa. Ya pili inatoka nyumba ileile, inauzwa na wakala yuleyule, ila imetengenezwa kwa bei ya chini kwa ajili ya wenye magari ya zamani. Mikunjo ya karatasi ndani yake ni michache kidogo, mpira wake si laini sana, na boksi lake ni la kijivu kama siku ya mvua. Hiyo tuliiita Mudogo. Ya tatu ilikuwa mutoto wa inje: filtre ya bandia iliyotengenezwa mahali pasipojulikana, ikavishwa nguo za Mukubwa na kuingizwa mjini kana kwamba ni ya familia.

Muzee alikuwa na njia yake ya kumtambua mutoto wa inje. Aliweka filtre kwenye kiganja, akafumba macho, akakaa hivyo kama mtu anayeomba. Bandia ni nyepesi, alisema, kwa sababu mwizi anapunguza chuma kabla ya kitu kingine chochote. Wateja walikuja kutoka Mapendo na hata Sake kumwona akifumba macho. Wakati mwingine nilishuku kwamba analala, lakini alipofumbua alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Kuhusu Mudogo hakutaka maneno mengi. Mudogo, alisema, ni filtre ya mutu anayeuza gari mwezi ujao.

Wateja nao walikuwa na njia yao. Mnajua kwamba filtre iliyokwisha kazi inaweza kuoshwa kwa petroli, ikapakwa rangi, ikarudi sokoni ndani ya boksi zuri. Kwa hiyo mteja wa Goma mwenye akili, baada ya vidanji, yaani baada ya kumwaga mafuta machafu na kuweka mapya, haondoki mpaka ameitoboa filtre yake ya zamani kwa mkono wake. Wengine waliazima bisibisi yetu. Mama Masika alikuja na msumari wake.

Mama Masika alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mkaaji wa Mapendo, mjane mwenye kamioneti moja, yaani pikapu ya mizigo, na dereva mmoja. Dereva aliitwa Déo, mtu mpole aliyesema kidogo na mara nyingi akiwa chini ya gari. Msumari wenyewe ulikuwa mrefu kama kalamu. Aliubeba ndani ya mkoba, umefungwa kwenye kitambaa, pamoja na rozari. Alitoboa filtre kama mtu anayelipiza kisasi, mara mbili, halafu akaangalia kama tunasikitika.

Mlima wa moto ulio juu ya mji ulipolipuka na lava ikaingia mjini, ilipitia Murara bila kuchagua milango. Watu walikimbia kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wakiwa na magodoro, mbuzi, redio, na picha za harusi. Muzee alibeba katoni ya Mukubwa kichwani, mimi nyingine, na Mudogo zote tukaziachia moto. Barabarani, katikati ya msongamano ule, mwanamume mwenye godoro mgongoni akasoma maandishi ya katoni yangu, akaniuliza kama nina ya gari lake. Nikamwambia ninayo. Akauliza bei. Nikamtajia. Akasema ni ghali, nimpunguzie. Nyuma yetu anga ilikuwa nyekundu. Nikamuuliza gari liko wapi. Akasema amelibakiza nyumbani, na nyumba sasa hajui kama ipo. Hata hivyo alitaka kujua bei ya mwisho, kwa ajili ya baadaye.

Tuliporudi, duka lilikuwa chini ya lava iliyoganda kuwa jiwe. Tukajenga juu ya lile jiwe, kwa mbao, na kaunta ikawa juu kuliko zamani kwa urefu wa mtoto wa shule. Wako waliopandishwa cheo na wakubwa wao. Sisi tulipandishwa na lava, bila sherehe. Vumbi jeusi liliingia kila mahali, likawa linakula injini kama mchwa, na wateja wakaongezeka. Siwezi kusema mlima ulitufanyia vizuri. Nasema tu kwamba uliharibu duka kisha ukaleta wateja, na sijawahi kupata mwenye nyumba wa namna hiyo tena.

Halafu zikaja zile rebelio, vita vya waasi, moja baada ya nyingine. Sitasema hii ninayosimulia ni ipi. Nikitaja jina, wenye umri wangu watabisha kwamba ilikuwa ile ya kabla, na nyinyi mtasema ile ya baadaye. Inatosha kwamba waasi walikuwa wameshika Bunagana na duwane yake, yaani forodha ya mpakani, barabara ilikuwa na serikali mbili, malori ya vipuri hayakufika, na Mukubwa zikaisha mjini. Ndipo akatokea mchuuzi mmoja na filtre tatu ndani ya mfuko wa plastiki, za kamioneti, kwenye maboksi yanayong'aa. Muzee akazipima kiganjani moja moja. Akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida, akazinunua. Mbili zikauzwa siku hiyohiyo. Ya tatu akaifungia kwenye droo.

Siku chache baadaye Mama Masika akaingia dukani, na safari hii hakuanza kwa kulalamika bei, nikajua kuna jambo. Marobota yake ya vitenge yalikuwa yamekwama Bunagana. Wale watu wa duwane mpya walimtumia habari kwamba yasipotolewa kabla ya Jumamosi watayauza wenyewe. Mtaji wake wote ulikuwa ndani ya marobota yale. Gari la kuyafuata lilikuwa moja tu, lile lake, na injini yake ilikuwa imeanza kuvuja kwenye filtre, mafuta yamekuwa meusi kama lami. Déo alikataa kuondoka bila vidanji. Gari likizimika kati ya serikali mbili, alisema, si lako tena. Ni la yule aliye karibu mwenye viatu vizito.

"Nipatie Mukubwa," Mama Masika akamwambia Muzee. "Usinipatie maneno ingine."

Muzee akafungua droo, akatoa ile ya mwisho, akaipima kiganjani, akasema ni ya kweli, na akaapa kwa jina la duka lake. Tukaenda uani nyuma ya duka.

Hapa nawaomba mfuate vizuri, kwa maana kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, na ndiyo iliyotuharibia. Déo alimwaga mafuta, akaifungua filtre ya zamani. Kwa kuwa ni mtu msafi, akaipangusa kwa kitambaa cha petroli mpaka ikang'aa, akaiweka juu ya jiwe la lava. Muzee naye, kwa kuwa ni fundi wa kale, akaijaza filtre mpya mafuta mapya mpaka juu ili injini isiwake kavu, akaupaka mpira wake mafuta kwa kidole, akaiweka kwenye jiwe lilelile. Mafuta yakachuruzika ubavuni, vumbi likashika. Déo akarudi chini ya gari kupangusa mahali pa kuifungia. Muzee na mimi tukaingia ndani kutafuta mrija wa kujazia mafuta, ambao kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyeupoteza.

Mama Masika akabaki na filtre mbili mbele yake. Moja safi inang'aa, nyingine chafu inachuruzika mafuta. Mwingine angeuliza. Mama Masika hakuwa na desturi ya kumuuliza muuza vipuri kitu ambacho anaweza kukitoboa. Tulisikia jiwe likigonga msumari, mara mbili.

Tulipotoka, mafuta ya rangi ya asali yalikuwa yanamwagikia viatu vyake. Déo alichungulia kutoka chini ya gari, akatazama, akafikiri.

"Mama," akasema, "ile umetoboa ni ya kesho."

Mjadala uliofuata siwezi kuuandika wote. Muzee alishikilia kwamba aliyetoboa amenunua. Mama Masika alishikilia kwamba kitu ambacho hakijafungwa kwenye gari bado ni cha duka, na kwamba ni akili gani ya kupaka uchafu kitu kipya na kuosha kitu cha zamani. Muzee akasema msumari haukutoka kwenye duka lake. Mama akasema mafuta ndiyo yametoka kwenye duka lake, na viatu je. Ilikwenda hivyo mpaka majirani wakapanda kwenye ukuta. Mwishowe Mama Masika akafungua mkoba, akatoa pesa, akazishika bila kuziachia.

"Sawa. Nalipa. Lakini kama nalipa, munifungulie nione nyama yenye nanunua."

Hakuna aliyekuwa ametuomba hivyo kabla. Nilichukua msumeno wa chuma nikaikata filtre kwa kuizunguka shingoni, kama unavyokata kopo la maziwa. Kifuniko kikatoka. Palipotakiwa kuwa na mikunjo ya karatasi ya kuchuja, palikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa kwa haraka, na herufi mbili za jina la saruji bado zinasomeka. Hakukuwa na kizibo cha mpira cha kuzuia mafuta kurudi. Chini kabisa, iliyobanwa vizuri kwa gundi, palikuwa na pete nene ya chuma ambayo haikuwa na kazi yoyote humo ndani isipokuwa kuwa nzito.

Watu wa ukutani wakashuka taratibu, kama wanavyoondoka watu msibani. Muzee aliichukua ile pete, akaiweka kiganjani, macho wazi.

"Uzito ni yenyewe kabisa," akasema.

Wangeifunga ile filtre, karatasi ya saruji ingelowa na kuchanika kabla ya kufika Rutshuru, katikati ya safari, vipande vingeziba njia za mafuta, na injini ingekufa palepale Déo alipopaogopa. Mama Masika alielewa bila kuelezwa. Alirudisha pesa kwenye mkoba. Hakumtukana Muzee, na hilo lilimuumiza Muzee zaidi, nilimwona. Akauliza tu sasa atafika Bunagana na nini.

Zilikuwepo Mudogo chache za gari lake, zimekaa kwenye rafu ya chini muda mrefu, hakuna aliyezitaka. Nikaziweka mbele yake. Akazitazama kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa majani ya mihogo. Akasema Muzee mwenyewe miaka yote amemwambia hiyo ni takataka. Muzee hakukataa. Kama Mukubwa imekuwa bandia, akasema Mama Masika, hii ya bei ya chini itakuwa nini basi.

Wakati huo ndipo lilinijia wazo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa mshahara wangu wa kweli.

"Mama, katika maisha yako, ulishaona mutu anachapisha noti ya bandia ya faranga makumi tano?"

"Hapana."

"Ju ya nini?"

Akafikiri. Alikuwa mfanyabiashara, hakuhitaji kusaidiwa. "Kazi mingi," akasema, "faida hakuna."

"Basi."

Aliishika Mudogo, akaigeuza. Ina mikunjo michache, nikamwambia, sitakudanganya. Mpira wake ni mgumu. Haiwezi kuvumilia safari zote ambazo Mukubwa ya kweli ingevumilia. Utaibadili mapema, nusu ya muda. Lakini ni yenyewe, na hakuna aliyepata faida ya kuiiga. Muzee akaongeza kwa sauti ndogo kwamba kijana anasema kweli. Nilikuwa na watoto wanne wakati huo, lakini kwake nilikuwa kijana.

"Sawa," akasema Mama Masika. "Tunaweka. Na wewe unapanda."

"Kupanda wapi, Mama?"

"Mu gari. Ile maneno yako, uende nayo. Ikikufa, tunasukuma wote."

Nilimgeukia Muzee anitetee, duka haliwezi kubaki bila mtu. Muzee akasema litabaki. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Kwa hiyo nilikwenda Bunagana katikati ya kiti cha mbele, mguu mmoja kila upande wa gia, na Mudogo ya pili mapajani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Sikuona mandhari. Nilisikiliza injini. Kuna sauti nyingi kwenye injini ambazo hujawahi kuzisikia mpaka siku utakapowajibika nazo. Kwenye mlima wa Kibumba ile taa nyekundu ya mafuta ikakonyeza. Mama Masika hakuitazama taa, alinitazama mimi. Ikakonyeza tena. Nilikuwa nimeshuka kabla gari halijasimama sawasawa. Nikafungua boneti, nikashika filtre kwa mkono mtupu, nikaungua, nikatazama kila mahali. Hakuna tone. Déo alikuja polepole, akasukuma waya mmoja kwa kidole, taa ikazimika.

"Inafanyaga vile," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu Goma. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Serikali ya kwanza ilitutoza ushuru ikatupa risiti. Serikali ya pili ilitutoza ushuru ikatupa risiti nzuri zaidi. Kwenye kizuizi cha pili, askari mmoja aliyejua magari akaomba boneti ifunguliwe. Wakati ule wenye bunduki walishajifunza kufungua kitu chochote chenye soko na kukiuza mbele kidogo. Akapitisha macho kwenye betri, ilikuwa ya zamani, akaiacha. Akainama, akagonga Mudogo kwa ukucha.

"Orijinali iko wapi?"

"Ilibaki Goma, afande," nikamjibu kwa Kinyarwanda cha mama yangu wa Rutshuru. "Ilitoboka."

Akanitazama, akalitazama lile kopo la kijivu, akamtazama Mama Masika kwa huruma ambayo sidhani aliwahi kuonyeshwa hapo kabla. Akafunga boneti taratibu. Akasema pole, na akaturudishia sehemu ya ushuru. Tulipopita kona, Mama Masika akasema kwamba kwa umri wake ni mara ya kwanza kuhurumiwa na mwizi akapata faida.

Tulifika Ijumaa. Namna alivyobishana na watu wa duwane ni habari nyingine, nitasema tu kwamba walimpa marobota yote, na mmoja wao alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa bado anaomba msamaha kwa jambo ambalo sikulielewa. Nilihesabu marobota wakati wa kupakia, nikayahesabu tena Rutshuru. Yalikuwa yametimia. Injini ilirudi na mzigo wote ikipanda milima kwa sauti ileile moja, na tulipoingia Goma Jumamosi nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilisinzia. Déo anasema nilikoroma kwa mzunguko wa injini.

Muzee alikuwa anatusubiri uani, amevaa koti la kanisani. Mama Masika hakumsalimu kwanza. Aliamuru filtre ifunguliwe na kukatwa. Nikaikata. Mikunjo ilikuwa mizima, imesimama, imejaa vumbi jeusi na unga wa chuma ambao ungekuwa ndani ya injini yake. Aliipitishia kidole, akamwonyesha Muzee kile kidole. Muzee akakitazama muda mrefu. Miaka yote ya kuuza Mukubwa ilikuwa kwenye kile kidole.

"Hii maneno isitoke hapa ndani," akasema Mama Masika. "Bakijua Mudogo iko muzuri, kesho banaanza kuiiga. Tuko bane. Tubaki bane."

Tukakubaliana, sisi wanne. Zile bandia mbili zilizouzwa mapema tulizifuata kimyakimya tukazibadilisha. Mmoja wa walionunua, mwenye shule ya udereva, alikataa kabisa kurudisha yake. Alisema anatujua, bei imepanda na sasa tunataka kumnyang'anya Mukubwa yake kwa Mudogo. Muzee alilazimika kumlipa zaidi ya alivyoinunua ili kuiokoa injini ya mtu yule. Mtu yule alibaki akijisifu kwamba ametufunga.

Tangu hapo tuliuza Mudogo kwa sauti ya chini, kwa wateja tunaowapenda, bila kutoa sababu. Rebelio ile ikaisha kwa namna zinavyoisha, malori yakapita, na siku moja ikaingia katoni mpya ya Mudogo. Nilihesabu mara ya kwanza, hapakuwa na tatizo. Mara ya pili nikagundua kinachonisumbua: maboksi yalikuwa yamechapwa vizuri mno. Kijivu chake kilikuwa kizuri, pembe zimekunjwa sawasawa. Kiwanda chenyewe hakijawahi kujisumbua hivyo kwa Mudogo. Nikachukua msumeno. Karatasi ya saruji.

Muzee aliita kikao uani, wale wanne walewale. Akauliza nani alisema. Déo akasema hakumwambia mtu, ila madereva wenzake tu. Mama Masika akasema yeye alimwambia dada yake peke yake, huko Butembo, tena akiwa mgonjwa. Mimi nilimwambia mke wangu, ambaye si mtu wa nje. Muzee akasema yeye hakusema kwa mdomo wake hata mara moja, ila wateja walipomuuliza alikuwa anakonyeza.

Mama Masika alikuwa na safari nyingine Jumatatu, gari lilelile, mtaji uleule ndani yake.

"Sasa tununue gani?" akauliza.

Muzee alishaacha kupima kiganjani, na hakuapa. Alisema ziko njia mbili za kujua kilichomo ndani ya filtre, kuifunga kwenye gari au kuikata, na kuifunga ndiyo njia ya gharama. Kwa hiyo achukue mbili, za katoni moja iliyofunguliwa mbele yake, azichague yeye. Moja tunaikata hapa. Ikiwa ya kweli, ile nyingine anaifunga.

Mama Masika alilipima jambo hilo kila upande, na nilimwona anafika mahali nilipojua atafika.

"Na ile ya kukata," akasema, "nani analipa?"

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyokutana nayo katika kazi hii, na ninawaachia kama lilivyo. Muzee alisema anayepata usalama ndiye anayelipa. Mama alisema anayeuza kitu asichokijua ndiye anayelipa. Déo aliulizwa, akaingia chini ya gari. Mwishowe tukafika nusu kwa nusu, nikaikata filtre, mikunjo ilikuwa ya kweli, na ile nyingine ikafungwa. Mama Masika akalipa nusu yake, kisha hakuondoka. Alisema kama amelipa nusu, anataka nusu. Nikachukua msumeno nikalipasua lile kopo katikati, mbele ya macho yake. Akazitazama nusu zote mbili, akachukua iliyo kubwa.